Ushanga, Hirizi na Rozari

Ushanga mmoja hauzidi punje ya mtama. Ukianguka sokoni Nyawera siku ya mvua, hakuna atakayeinama kuutafuta. Hata hivyo kitu hiki kidogo kimetangulia fedha, kimetangulia maandishi, kimetangulia hata jembe. Wazee wa kale walizikwa nacho, wakubwa walivikwa nacho siku ya kupewa cheo, misafara ilivuka nchi ikikibeba magunia kwa magunia. Na watu pia, ni haya kulisema, walinunuliwa kwa hicho. Na leo katika mji wetu wa Bukavu twakikuta kimetungwa uzini pamoja na msalaba mdogo, nacho twakiita rozari.

Katika makala hii twataka kuufuata ushanga tangu mwanzo wake hadi mikononi mwetu. Hatufanyi hivyo kwa kupenda mambo ya kale tu. Liko swali ambalo Wakristo wa parokia zetu huulizana kwa sauti ya chini: hirizi ya babu na medali ya mjukuu zina tofauti gani? Wengine hujibu kwa kucheka, wengine kwa hasira. Kicheko na hasira havifundishi. Afadhali tuiulize historia kwanza, kisha imani.

Shanga za kwanza

Kaskazini ya Mombasa, nchi ya Kilifi katika Kenya, iko pango iitwayo Panga ya Saidi. Wataalamu walioichimba walipata humo gamba la konokono wa baharini lililotobolewa na kufanywa ushanga, nalo lina umri wa miaka ipatayo 65,000. Katika pango hiyohiyo walikuta kaburi la mtoto asiyetimiza miaka mitatu, aliyelazwa kwa upole kama mtoto anayelala, miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, naye akapewa jina la Kiswahili: Mtoto. Hakuna kaburi la mtu la kale kuliko hilo lililokwisha kuonekana katika Afrika nzima.

Baadaye kidogo watu wa Afrika ya Mashariki walianza kutengeneza shanga kwa maganda ya mayai ya mbuni. Kazi yenyewe ilitaka saburi. Mtu alivunja ganda vipande vidogo, akatoboa kila kipande katikati kwa ncha ya jiwe, kisha akasugua kingo zake mpaka kikawa duara. Mwaka 2022 wataalamu wawili walitoa hesabu ya shanga za namna hii zaidi ya 1,500 kutoka mahali zaidi ya 30. Wakaona ajabu: miaka 50,000 iliyopita, shanga za Afrika ya Mashariki na shanga za Afrika ya Kusini zilikuwa za umbo moja. Maana yake ni kwamba watu waliotengwa na safari ya kilometa elfu tatu walikuwa wakionana, au wakipokea kutoka kwa walioonana, na kupeana zawadi.

Tangu mwanzo basi ushanga haukuwa kitu cha mtu peke yake. Asiye na jirani hajipambi. Ushanga ni neno linalosemwa kwa jicho: mimi ni fulani, natoka kwa fulani, naja kwa amani.

Makaburi ya Sanga

Tuache pwani, tuje katika nchi yetu ya Kongo. Huko Katanga, mto Lualaba hupita katika bonde la maziwa mengi na matete liitwalo Upemba. Kando ya ziwa Kisale iko Sanga. Mwaka 1957 Bwana Jacques Nenquin alianza kuchimba hapo. Mwaka 1958 akafuata Bwana Jean Hiernaux. Na katika miaka ya 1970 Bwana Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo. Walikuta makaburi mengi, mengine ya zaidi ya miaka elfu moja.

Wafu wa Sanga hawakuzikwa mikono mitupu. Karibu nao waliwekewa vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, na kwa watoto vyungu vidogo kwa kadiri ya umri wao, kana kwamba mama alitaka mwanawe asihangaike na chombo kizito huko aendako. Walivikwa mikufu na vikuku vya shaba nyekundu, shanga za chuma, vitu vya pembe ya ndovu. Na katika makaburi mengine, si mengi, ziko kauri na shanga za kioo.

Hapo tusimame kidogo. Kauri hutoka katika bahari ya Hindi, na toka Kisale hadi bahari ile si chini ya kilometa 1,300. Wakati ule hakuna msafara wa Waarabu uliokwisha kufika Katanga, wala hakuna Mzungu aliyejua kama nchi hii ipo. Lakini kauri ilifika. Ilipita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, labda kwa muda wa maisha ya watu wawili au watatu, hata ikafika shingoni mwa mtu wa Sanga. Wale wanaosema kwamba Afrika ya ndani ilikuwa imelala usingizi mpaka ilipoamshwa na wageni, waende wakaone kaburi lile.

Tangu karne ya 13 hivi, makaburi ya huko yana pia misalaba ya shaba juu ya vifua vya wafu. Msomaji asidhani kwamba hao walikuwa Wakristo. Misalaba hiyo ilisubuliwa kwa shaba ya kusini, na polepole ikawa fedha ya nchi.

Katika nchi hiyohiyo, Waluba waliufundisha ushanga kazi nyingine kubwa zaidi. Wana ubao mdogo uitwao lukasa, wenye kuenea katika viganja viwili, uliopigiliwa shanga na kauri. Watu wa chama cha Mbudye, waliokuwa watunzaji wa historia ya ufalme, walipitisha kidole juu ya shanga hizo na kusimulia habari za Nkongolo, za Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki, na za Kalala Ilunga aliyeimarisha ufalme. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ulikuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ulikuwa njia ya safari. Je, hayo si maandishi? Aliyesema kwamba babu zetu hawakuwa na vitabu alikuwa hajui kusoma shanga.

Ng'ambo ya bahari nyingine

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Ng'ambo ya bahari ya magharibi, katika Amerika, kabla Christopher Columbus hajafika mwaka 1492, watu walikuwa na shanga na hirizi zao ambazo hakuna fundi wa Ulaya aliyeweza kuzishinda.

Wamaya na Waazteki walilipenda jiwe la kijani liitwalo jade kuliko dhahabu, kwa kuwa rangi yake ni rangi ya majani machanga ya mahindi na ya maji. Mfalme Pakal wa Palenque, katika nchi ya Meksiko, alikufa mwaka 683. Kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1952 na Bwana Alberto Ruz. Mfalme alikuwa amefunikwa uso kwa kinyago cha jade, ana mikufu ya jade kifuani, jade katika kila mkono, na ushanga mmoja wa jade kinywani. Ulimi umenyamaza, ushanga umebaki.

Mwaka 1987 huko Sipán, katika nchi ya Peru, Bwana Walter Alva alifungua kaburi la mkubwa mmoja wa Wamoche. Juu ya kifua chake zilikuwepo shanga za gamba la bahari, maelfu kwa maelfu, na mkufu ulioumbwa kwa mfano wa karanga: upande wa kuume karanga za dhahabu, upande wa kushoto karanga za fedha. Sisi hula karanga kila siku, na wachache hukumbuka kwamba zimetoka Amerika ya Kusini. Wenyewe waliziheshimu hata kuzivaa kaburini.

Columbus naye, siku ya kwanza alipokanyaga kisiwa cha Guanahani, aliwapa wenyeji kofia nyekundu na shanga za kioo. Wakafurahi, wakavaa shingoni. Hawakujua kwamba nyuma ya shanga zile ilikuwa inakuja njaa, ndui na utumwa.

Ni wajibu wetu kusema na jambo jingine la huko. Mwaka 1562 katika mji wa Maní, padri mmoja Mfransisko, Diego de Landa, aliteketeza kwa moto sanamu na vitabu vya Wamaya, akiona ndani yake kazi ya shetani tu. Leo vitabu vyao vya kale vilivyosalia duniani ni vinne. Padri huyo huyo aliandika baadaye habari nyingi za desturi zao, na wataalamu wanamshukuru kwa hayo. Lakini majivu hayasomeki. Tulikumbuke hilo, kwani tutalirudia tukifika Kivu.

Ushanga unakuwa fedha

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanya biashara mmoja Mgiriki aliandika kitabu kidogo juu ya safari za bahari ya Hindi. Asema kwamba watu wa Rhapta, bandari iliyokuwa katika pwani ya Tanzania ya leo, walinunua mikuki, mashoka, visu, na vitu vya kioo vya namna mbalimbali, wakatoa pembe za ndovu. Tangu siku hizo biashara ya kioo haikukatika. Shanga zilikuja hasa kutoka Uhindi. Wenyeji wa pwani nao hawakuketi bure: katika kisiwa cha Pate, kwenye magofu ya mji uitwao Shanga, na huko Kilwa pia, yameonekana mawe na vigae vyenye mifereji, ambavyo mafundi walisugulia shanga za magamba ya bahari.

Katika karne ya 19 shanga za kioo zilifurika. Viwanda vya Venesia katika Italia na vya Bohemia vilizitengeneza kwa tani, meli zikazishusha Unguja, na wapagazi wakazibeba kwenda Tabora, Ujiji na Maniema. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika kwamba namna za shanga zilizojulikana zilikaribia 400. Vilikuwepo na vipimo vyake. Uzi wa ushanga toka ncha ya kidole cha shahada hadi kifundo cha mkono uliitwa bitili. Bitili nne zilifanya kete moja. Kete kumi zilifanya fundo. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulipendwa kupita yote, hata ukapewa majina mawili ya mzaha. La kwanza lilikuwa na maana ya "kimaliza chakula", kwa sababu mtu aliweza kuuza chakula chake cha jioni apate uzi mmoja. La pili lilikuwa "kivunja mji", kwa sababu nyumba ngapi zilifilisika kwa kuutaka!

Ole wake mfanya biashara asiyejua mapenzi ya kila nchi. Henry Stanley, alipotayarisha msafara wake Unguja mwaka 1871, alifundishwa kwamba ushanga mweusi hupokelewa Ugogo lakini penginepo haufai kitu. Kwamba Wanyamwezi wataka mwekundu. Na kwamba ushanga mkubwa wa mfano wa yai una thamani Ujiji, na kwingine hukataliwa. Mtu aliweza kufa njaa juu ya gunia la shanga.

Sokoni Ujiji mambo yalikuwa yamepangwa vizuri. Hapo fedha ilikuwa shanga ndefu ndogo kama kipande cha kiko kilichovunjika, jina lake sofi. Asubuhi walifika watu wenye mifuko ya sofi, wakawabadilishia wanunuzi kwa shanga nyingine. Jioni, soko lilipokwisha, waliwarudishia wauzaji shanga walizozitaka na kukusanya sofi zao, wakapata faida yao huku na huku. Sisi tulio na wabadilishaji wa franga na dola kando ya njia zetu, tusidhani kazi hiyo ilianza jana.

Lakini ushanga ule uliolipa chumvi na mihogo ulilipa na mtu. Pembe za ndovu zilitaka wachukuzi, wachukuzi walitekwa, na aliyetekwa akauzwa. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya Lualaba, David Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara wakiwapiga bunduki wanawake waliokuja kuuza vyakula. Mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni. Miezi michache baadaye yeye na Stanley walipanda mtumbwi hadi kichwa cha ziwa Tanganyika kuutazama mto Rusizi, ule ule unaotoka katika ziwa Kivu hapa Bukavu kwetu.

Mapadri Weupe walipofika Ujiji mwezi wa Januari 1879 walikuta nchi ikitawaliwa na biashara hiyo. Wao pia hawakuwa na fedha nyingine ila mali ya msafara, yaani nguo na shanga. Mwaka 1883 walijenga Kibanga, upande wa magharibi wa ziwa, na kwa mali hiyo wakakomboa watoto waliokuwa watumwa. Ndivyo ulivyo ushanga: mkono mmoja ulimnunua mtoto ili auzwe tena, mkono mwingine ulimnunua ili aachiliwe. Ushanga hauna dhambi wala fadhila. Dhambi na fadhila ni za mkono.

Kwetu Kivu

Tumesafiri mbali, na sasa tumefika nyumbani. Katika karne ya 19 watu wa ziwa Kivu walikuwa na mali yao wenyewe iliyovaliwa na kuhesabiwa kama shanga: butega. Vilikuwa vikuku vyembamba vya nyuzi za miti, vilivyosukwa na Watembo katika misitu ya magharibi ya ziwa. Wahavu walivinunua, wakavitia mitumbwini, wakavipitisha Idjwi, wakavuka navyo mpaka Rwanda, ambako wanawake walivivaa miguuni kwa wingi. Huko walivibadili kwa mifugo na vyakula. Basi msitu na malisho vilipeana mikono juu ya maji, bila kioo cha Venesia na bila bunduki. Vita vya miaka hii vimetuzoeza kuutazama mpaka kama ukuta. Butega yatukumbusha kwamba ziwa lilikuwa mlango.

Mashariki ya Maniema na milimani kwa Mwenga na Shabunda, Walega walikata gamba la konokono vipande vya duara, wakavitoboa na kuvitunga. Waliviita musanga, navyo vilitumika katika malipo, hasa katika mambo ya Bwami. Bwami ni chama kikuu cha Walega, chenye madaraja, na daraja la juu kabisa ni Kindi. Mtu hakupanda kwa nguvu wala kwa ukoo tu, bali kwa msaada wa jamaa zake, kwa ukarimu na kwa mwenendo mwema. Kofia yenye mkia wa tembo, kauri, shanga, sanamu ndogo za pembe: kila kitu kilikuwa na methali zake, na aliyekionyesha alifundisha kwa hicho. Daniel Biebuyck, aliyeishi nao katika miaka ya 1950, aliandika mengi ya mafundisho hayo.

Lakini mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku Bwami. Sanamu zake ziliishia katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Ulaya na Amerika. Watu wa misioni nao, tuseme kweli, si mara zote walipambanua. Walipoona pembe, kauri na jino la chui, wengi walisema: yote ni ushenzi, yote yachomwe. Katika moto huohuo ziliteketea hirizi za kudhuru na vitabu vya hekima, bila mtu kujua kipi ni kipi. Ndiyo Maní ya kwetu.

Hirizi ni nini?

Neno hirizi latoka katika Kiarabu, na maana yake ni kinga. Watu wa pwani huita hivyo karatasi iliyoandikwa maneno matakatifu, ikashonwa ndani ya ngozi. Kwetu yaweza kuwa pembe ndogo, kipande cha gome, ukucha, jino, au ushanga mmoja mkononi mwa mtoto mchanga. Misri ya kale walikuwa na jicho la Horus na mdudu wa udongo wa buluu. Watoto wa Roma walivaa kifuko shingoni. Na katika Ulaya hata leo wako wanaopigilia kiatu cha farasi juu ya mlango. Mwanadamu ni yule yule: anaogopa.

Yafaa kwanza tuiheshimu hofu hiyo. Mama aliyezika watoto watatu, akimfungia wa nne ushanga mkononi, hafanyi hivyo kwa kiburi. Anafanya kwa kuwa hana dawa, hana daktari, na amekesha usiku mwingi. Mwenye kutaka kuukata uzi ule na aje kwanza na dawa ya malaria.

Tukiisha kusema hayo, tupambanue. Ushanga wa pambo, ushanga wa mali, ushanga wa cheo, ushanga wa kukumbushia historia: hizo si hirizi, na Kanisa halina ugomvi nazo. Hirizi ni kitu kinachodhaniwa kuwa na nguvu ndani yake chenyewe, bila Mungu kuombwa na bila moyo kugeuka. Kanisa liliikataa tangu zamani. Katika karne ya 4, Mtaguso wa Laodikea uliwakataza makleri wasitengeneze hirizi. Ndiyo kusema walikuwepo waliozitengeneza! Na Katekisimu ya mwaka 1992 yasema vilevile kwamba kuvaa hirizi ni kosa.

Tena hirizi ina ubaya wa pili, ambao wengi hawautazami. Kinga hudai adui. Mwenye kuivaa huanza kuuliza: nani anayenitakia mabaya? Jicho lake huzunguka kijijini na kutua juu ya mjane mzee asiye na mtetezi. Hapa Kivu wazee wanawake wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Hirizi ilianza kama uzi mkononi, ikaishia kama jiwe katika mkono wa umati.

Mara nyingine imewaua wavaaji wenyewe. Mwaka 1905, kusini ya Tanzania, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu wale walidai haki yao, na hofu yao iliondoka, lakini risasi zilibaki risasi. Makumi ya maelfu walikufa kwa vita na njaa. Mwezi wa Agosti 1964 Wasimba waliushambulia mji wetu wa Bukavu, wamepakwa dawa, wakiamini vivyo hivyo. Wengi walikuwa vijana wadogo. Walirudishwa nyuma na askari wa Kanali Mulamba, na waliolala njiani walilala na hirizi zao.

Je, rozari nayo?

Mtu atauliza: nanyi mwavaa rozari shingoni, mwaning'iniza medali katika gari. Mnawacheka wengine kwa nini? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba rozari yaweza kugeuzwa hirizi, na anayeigeuza ni sisi. Papa Yohane Paulo wa Pili mwenyewe, katika barua yake juu ya Rozari ya mwaka 2002, alionya kwamba pasipo kutafakari yaweza kudhaniwa hirizi au kitu cha uganga.

Rozari ina shanga 59: za Salamu Maria 53, za Baba Yetu sita. Kazi yake ni kuhesabu, ili akili iwe huru kumtazama Kristo pamoja na Mama yake. Hata Waingereza, neno lao la ushanga zamani lilikuwa na maana ya sala. Hirizi hudai, rozari huomba. Hirizi humwonyesha adui, rozari hutufundisha kumwombea. Hirizi huahidi kwamba hutakufa. Rozari, kila Salamu Maria, yatukumbusha saa ya kufa kwetu.

Mifano tunayo katika nchi yetu. Sista Anuarite aliuawa na Wasimba huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Mwili wake ulipofukuliwa mwaka uliofuata, ulitambulikana kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa ameitia mfukoni. Sanamu ile haikuzuia kifo. Na hapa hapa Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alishuka garini, akawaelekea askari na msalaba wake mkononi, akauawa. Msalaba ule haukugeuza risasi kuwa maji, wala yeye hakuutazamia hivyo. Aliushika kama mtu anavyoushika mkono wa rafiki katika njia ngumu. Hiyo ndiyo tofauti tuliyoitafuta, na hakuna mwalimu atakayeieleza vizuri kuliko wao.

Tufanye nini basi?

Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, twasoma kwamba Yuda alipokwenda kuwazika askari wake aliona chini ya nguo zao hirizi za miungu ya Yamnia. Sheria yao ilizikataza. Yuda angeweza kuwaacha bila kuzikwa. Hakufanya hivyo. Yeye na watu wake waliwaombea, kisha akachanga fedha, akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili yao. Neno ambalo Kanisa hulitumia kufundisha sala kwa ajili ya marehemu lilisemwa kwanza juu ya watu waliokufa wamevaa hirizi.

Basi tufanye kama Yuda. Tusizivae hirizi, na tusiwadharau waliozivaa. Tuwaombee, maana ni baba zetu. Na ukiona katika nyumba ya bibi mfuko wa zamani wenye kauri, kikuku cha butega au mkufu wa musanga, usiutupe motoni, wala usiuuze kwa mpita njia anayetoa dola tano. Keti karibu na bibi wakati angali na sauti. Mwulize kila kitu jina lake, kilivaliwa na nani, siku gani, kwa neno gani. Andika anayokuambia katika daftari ya shule, tena andika vizuri. Shanga zikikatika uzi, anayezijua mpango wake aweza kuzitunga tena. Asiyeujua ataokota rangi tu.